Kauri Katika Chokaa Mbichi

Ukiingia katika msikiti mdogo wa kuba wa Kilwa Kisiwani, jengo la karne ya 15, simama katikati uinue macho. Ndani ya lipu ya dari mafundi walizamisha mabakuli ya kauri, mdomo ukimwelekea anayetazama kutoka chini. Mengine yameng'olewa zamani, na kilichobaki ni kishimo cha mviringo kwenye chokaa, chenye alama ya kitako cha bakuli. Hayakubananishwa. Kila bakuli lilipewa uwanja wake wa chokaa tupu, na ndiyo maana jicho hulipokea moja, likatulia, ndipo likatafuta jingine.

Kwa maana kamili hii si mozaiki. Mozaiki hutengenezwa kwa vipande vidogo vingi vya mawe, kioo au kauri iliyovunjwa, vinavyopangwa karibu karibu mpaka vikatoa picha au pambo. Mafundi wa Kilwa walitumia chombo kizima. Lakini swali walilokuwa nalo ndilo alilonalo kila anayeanza kujifunza mozaiki: kitu kigumu, kilaini, kisichonywa maji, kitashikaje ukutani, na kitakaaje hapo masika baada ya masika? Jibu lao liko darini pale, na limekaa miaka zaidi ya mia tano.

Naamini jibu hilo linafaa kurudishwa darasani kama lilivyo. Anayewafundisha watu wazima mozaiki katika Kilwa, na kwenye mwambao wa Lindi kwa jumla, awafundishe kwa chokaa. Gundi ya tailizi inapatikana kila mahali na hushika upesi, na wapo walimu wazuri wanaoitumia. Mimi naona inamnyima mwanafunzi mtu mzima kitu anachokihitaji kuliko vyote, yaani muda wa kugeuza mawazo. Kipande kilichokaa vibaya kwenye gundi au simenti, baada ya saa chache kimekaa vibaya milele. Kwenye chokaa iliyofunikwa gunia bichi, kesho asubuhi bado unaweza kukitoa kwa ncha ya kisu, ukakigeuza, ukakirudisha. Mtu wa miaka hamsini ambaye hajawahi kushika kazi ya sanaa, akijua hilo, mkono wake hulegea, na mkono uliolegea hupanga vizuri.

Chokaa yenyewe inastahili kueleweka kabla ya kuguswa. Mawe ya pwani hii, yawe matumbawe laini yaliyotolewa baharini au miamba migumu ya nchi kavu, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Yakipata moto wa nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hewa ya kaboni dioksidi huyatoka na mawe hubaki mepesi. Kwa jiwe safi, kila kilo 100 huacha kilo 56 tu. Kilichobaki ni chokaa kali. Ukiitia maji hufuka, huchemka na kupasukapasuka mpaka ikawa unga au rojo nyeupe. Rojo hiyo ikipakwa ukutani huanza safari ya kurudi: hunyonya polepole kaboni dioksidi kutoka hewani, kuanzia juu kuelekea ndani, hadi inakuwa jiwe tena. Kilichotolewa na moto kwa muda mfupi, hewa hukirudisha kwa miezi na miaka.

Wachomaji wa zamani walipanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, wakaacha tundu la kuwashia katikati, kisha wakarundika vipande vya matumbawe juu yake. Kuni zikiteketea, chokaa hushuka juu ya majivu. Ilimwagiwa maji au ikaachwa inyeshewe, ikachekechwa, ikalazwa shimoni muda mrefu kabla ya kutumika. Kwa chokaa ya namna hiyo ndipo lilipopanda jumba la Husuni Kubwa hapo Kisiwani, la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba vipatavyo mia na bwawa la kuogelea la pembe nane. Kwa chokaa hiyo pia Msikiti Mkuu ulipanuliwa, ukawa na kuba juu ya kuba.

Ujuzi huo haukupotea. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa humo mwaka 2014, baada ya kazi ya miaka mingi ya kuimarisha kuta na kuizuia bahari isizidi kuzila. Katika kazi hiyo wakazi wa hapo walifundishwa kujenga na kuziba kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Simenti haizifai kuta hizo za kale. Ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu. Maji yenye chumvi hunaswa nyuma yake, chumvi ikikauka inakuwa fuwele, na fuwele hizo huumega ukuta kutoka ndani. Nimesimama mbele ya viraka vya simenti kwenye kuta za matumbawe, hapa na kwingineko pwani, nikaona kiraka kimesalia kizima huku jiwe lililokizunguka limeliwa.

Basi darasa la mozaiki linaweza kuzaa zaidi ya mapambo. Mama aliyejifunza kutambua rojo iliyoiva, kupima mchanga kwa kuusugua kiganjani na kulowesha ukuta kabla ya kupaka, ameshashika sehemu kubwa ya kazi ya kuziba ufa katika gofu. Kuta zile zitadai mikono kila mwaka, mfadhili awepo asiwepo. Ningependa mikono hiyo iwe mingi, na iwe ya watu wanaoishi humu humu.

Sisemi darasa lichome matumbawe. Matumbawe hai ni makao ya samaki, na tanuri moja humeza kuni nyingi mno, mara nyingine za mikoko. Chokaa ya mfuko inayouzwa kwa wauza vifaa vya ujenzi inatosha, mradi mfuko haujapasuka wala kukaa ghalani hadi ukafanya mabonge, maana hiyo imeshanyonya hewa na haitashika. Mimina chokaa ndani ya pipa la maji, ukoroge, hakikisha maji yamesimama juu yake, ufunike na kuiacha wiki kadhaa. Ikikaa zaidi inazidi kuwa nzuri. Rojo iliyoiva hung'ang'ania mwiko hata ukiugeuza chini. Changanya ndoo moja ya rojo kwa ndoo tatu za mchanga wa mto wenye punje za ukubwa mbalimbali. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na asiye na mwingine auoshe kwa maji baridi mara nyingi. Ukitaka lipu igande mapema hata penye unyevu, ongeza unga wa tofali la kuchoma au chungu kilichosagwa, kama walivyofanya Warumi kwenye mabirika yao. Nyuzi za makumbi zilizokatwa fupi fupi huizuia isipasuke.

Hapa mwalimu awe mkali. Chokaa huunguza ngozi na inaweza kumpofusha mtu. Glavu na miwani ni vya kila mmoja, na ndoo ya maji safi ikae karibu. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha mtu apelekwe hospitali bila kungoja aone kama litapoa.

Sasa vipande. Swali la kwanza la wageni, na la baadhi ya wenyeji, ni kama inaruhusiwa kutumia vile vigae vilivyotapakaa ufukweni Kisiwani. Ukitembea pale maji yakiwa yamekupwa, unakanyaga kauri ya Kichina ya buluu na nyeupe, vyombo vya kijani na samawati vya nchi za Uajemi na Iraki, vyungu vyekundu vilivyofinyangwa na wanawake wa pwani hii hii. Vilikuja, vile vya mbali, na majahazi ya kaskazi kutoka Ghuba na Bara Hindi, kauri ya China ikiwa imepitia mikono mingi njiani. Jibu ni hapana, wala hakuna kipande kidogo mno kiasi cha kusamehewa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda. Sababu iliyo nyuma ya sheria ndiyo ninayoitaka ieleweke darasani. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alipanga historia ya mji huu kwa kiasi kikubwa kwa kutumia vigae: kila aina ilikuwa na wakati wake, na tabaka la udongo lilijulikana umri kwa vigae vilivyolala ndani yake. Kigae kilichookotwa na kubandikwa kwenye fremu sebuleni kimenyamazishwa. Kinabaki kuwa kizuri, lakini hakiwezi tena kumwambia mtu lini, wala pamoja na nini.

Tena hakuna haja nacho. Kauri iliyovunjika iko kwenye kila mgahawa wa Kilwa Masoko, kwenye kila nyumba iliyowahi kufanya shughuli ya harusi, na nyuma ya kila jengo jipya ambapo fundi tailizi ameacha mabaki yake. Waombe wenye migahawa wakuwekee ndoo. Utapata sahani nyeupe nyingi, vikombe vya maua, birika lisilo na mkono, mara chache kitu chenye buluu nzito kinachostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya mahali maalumu. Panga kwa rangi kwenye masinia na utagundua, pamoja na wanafunzi wako, kwamba nyeupe si moja. Kuna inayoelekea kwenye maziwa, kuna inayoelekea kwenye majivu, kuna yenye ubuluu kwa mbali. Mtu akishaziona tofauti hizo, nusu ya kazi ya rangi imekwisha, na hajagusa bado rangi yoyote ya dukani.

Kuvunja kuna adabu yake. Sahani hufunikwa ndani ya kiroba kisha ikagongwa kwa nyundo, ili vipande visiruke. Kupunguza kipande kifikie umbo, tumia koleo ya kukatia tailizi, au njia ya kale ambayo mimi huipenda zaidi: patasi iliyosimikwa kwenye gogo, makali juu, kipande kikiwekwa juu yake na kugongwa pigo moja dogo. Vumbi la kauri lina silika na huharibu mapafu, kwa hiyo vaa barakoa, lowesha kazi, na ufute kwa kitambaa kibichi.

Nije kwa wanafunzi wenyewe. Tanzania ina mazoea ya muda mrefu ya kuwasomesha watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kuanzia mwaka 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kuiga mfano wa nchi za Skandinavia. Kilwa Masoko ina kimoja. Vyuo hivi hufundisha uashi, useremala na ushonaji, na mozaiki ya chokaa ingekaa vizuri kando ya uashi bila kuhitaji jengo jipya. Lakini ratiba ya darasa isitoke ofisini. Itoke baharini. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa sana mchana kabla ya adhuhuri, na wanawake wako mwambani wakitafuta pweza au kwenye mashamba ya mwani. Anayeitisha darasa saa hizo atafundisha viti vitupu, kisha atasema watu hawapendi kujifunza. Maji mafu ndiyo majuma ya darasa. Ufunge msimu wa korosho na wa kuvuna ufuta, upunguze saa wakati wa Ramadhani, na utakuwa na watu.

Wakifika, mwalimu kijana aanze kwa shikamoo, na asimsahihishe mzee mbele ya wenzake. Hili ni jambo la ufundishaji kama lilivyo la heshima. Mzee aliyeaibishwa mbele ya wakwe zake hatarudi wiki ijayo, na ataondoka na wengine. Ukiona kosa, keti karibu naye, chukua vipande vyako, upange pembeni mstari ulio sawa huku ukizungumza mambo mengine. Atauona.

Hofu kubwa kuliko zote ni ya kuchora. Mazungumzo huwa hivi, karibu kila mara.

"Mwalimu, mimi kuchora sijui. Mpe huyu, kasoma."

"Mama, mkeka ule nilioukalia kwako juzi kausuka nani?"

"Nimeusuka mwenyewe."

"Yale mapambo yake mekundu uliyapata kwenye kitabu?"

"Kitabu gani! Unahesabu tu."

Ndiyo mwanzo wa somo. Anayesuka ukili kwa ukindu uliotiwa rangi anajua marudio, anajua pambo linavyogeuka pembeni, anajua kuhesabu bila kuandika, na anajua kwamba mstari mmoja uliopotoka huharibu kili zote zitakazoshonwa baada yake. Hayo ndiyo maarifa ya mpangaji wa mozaiki. Vivyo hivyo kwa aliyepiga kalafati kwenye majahazi: ameishi na nafasi kati ya ubao na ubao, anajua kwamba upenyo usiolingana ndipo maji yanapoingilia. Huna haja ya kumwambia kwa nini pengo kati ya kipande na kipande liwe sawa. Mwoneshe tu kwamba hapa pia pengo ni sehemu ya kazi. Mitindo ya zamani nayo iko upande wao, kwani kwenye fremu za milango ya matumbawe huko Songo Mnara kuna nakshi za mifupa ya samaki, mistari ya mshazari inayokutana, na msusi wa mikeka ataitambua kabla ya mwanaakiolojia kumaliza kuieleza.

Darasa la kwanza halitumii chokaa hata kidogo. Kila mtu apewe sinia lenye mchanga mbichi na konzi mbili za vipande vyeupe. Kazi ni kuweka mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Ukikamilika, uvunjwe, uwekwe tena. Kisha mstari upinde. Hapo watu hugundua wenyewe kwamba vipande vya mraba haviwezi kukata kona bila kuacha pengo la pembetatu upande wa nje, na kwamba dawa yake ni kuvikata viwe vyembamba upande mmoja. Usiwaambie mapema. Mtu mzima aliyeligundua jambo kwa vidole vyake hulifundisha kwa jirani yake jioni hiyo hiyo, aliyeambiwa husahau.

Baada ya mstari, umbo. Jani, tufe, samaki kwa anayetaka. Mstari wa kwanza wa vipande huzunguka umbo kwa nje, mstari wa pili ukaufuata wa kwanza, wa tatu vivyo hivyo, hadi mandhari yote iwe inatiririka kutoka kwenye umbo lenyewe. Hiyo ndiyo siri ya mozaiki nyingi za kale zinazoonekana hai ingawa ni mawe yaliyotulia. Wanaoanza hupenda kujaza mandhari kwa kumwaga vipande ovyo, kisha hushangaa kwa nini samaki wao amekufa.

Jambo la picha za viumbe litaulizwa, na lijibiwe kwa utulivu, maana hapa wengi ni Waislamu na kila mtu ana msimamo wake. Mimi huwasimulia Msikiti Mkuu wa Damascus, uliomalizika mwaka 715, ambao kuta zake zilifunikwa mozaiki ya vioo vya dhahabu na kijani: miti, mito, majumba, bila mtu wala mnyama. Miaka zaidi ya ishirini kabla yake, Kuba ya Mwamba huko Jerusalem ilipambwa kwa mizabibu, vito na maandishi. Anayetaka kupanga mnazi na mawimbi ana ukoo mrefu nyuma yake. Anayetaka kupanga samaki apange.

Pia huwasimulia habari za watu wazima walioanza bila mwalimu. Raymond Isidore alikuwa mfanyakazi wa makaburini katika mji wa Chartres, Ufaransa. Kuanzia mwaka 1938 hadi kifo chake mwaka 1964 aliifunika nyumba yake, ndani na nje, kwa sahani zilizovunjika. Nek Chand alikuwa mkaguzi wa barabara huko Chandigarh, India, akajenga kwa siri bustani ya vigae na takataka za ujenzi ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1976. Karibu nasi zaidi, huko Kitengela nje ya Nairobi, Nani Croze aligeuza vioo vilivyotupwa kuwa kuta na njia zinazong'aa. Wawili wa kwanza hawakuwa wasanii kwa kazi. Walikuwa na jioni zao na ndoo ya vipande.

Chokaa inaingia darasa la tatu au la nne, mwanafunzi akishakuwa na umbo mchangani alilolirudia hadi limemkaa. Tengeneza fremu ya mbao ya sentimeta 30 kwa 30, kina chake sentimeta 4, juu ya bamba la zege lililochanwachanwa na kuloweshwa. Tabaka la chini ni chokaa nzito yenye nyuzi za makumbi. Lichanwe kwa msumari likiwa bado bichi. Likishikamana, paka juu yake tabaka laini lisilozidi unene wa kidole, kwa eneo tu utakaloweza kulijaza kabla ya kupumzika. Kauri hainywi maji, kwa hiyo chokaa haiishiki kwa uso wake wa ndani peke yake. Huishika kwa kingo. Bonyeza kipande mpaka chokaa ipande kwenye mapengo na kufika zaidi ya nusu ya unene wake. Kama haipandi, tabaka lako ni jembamba au limekauka. Vipande vya vyungu na matofali, vinavyonywa maji, viloweshwe kwanza, la sivyo vitanyonya unyevu wote na chokaa itabaki unga. Ukibonyeza hivi huhitaji kupaka grauti baadaye, na kazi inabaki na ule mwonekano wa lipu ya Kisiwani, kauri ikichungulia kutoka ndani ya weupe.

Hapa ndipo ninapoomba wanafunzi wayakumbuke yale mabakuli ya darini. Karibu kila anayeanza hutaka kujaza. Ana buluu kumi na mbili, ataziweka zote. Aliyepamba kuba ile alikuwa na vyombo vilivyovuka bahari nzima, na bado akaacha chokaa tupu kuzunguka kila kimoja. Mwanafunzi aweke buluu tatu, atazame kutoka hatua kumi, ndipo aamue kama ya nne inadaiwa na kazi au na tamaa. Na kwa kuwa ni chokaa, aliyeweka zote kumi na mbili anayo nafasi ya kuzitoa tisa asubuhi inayofuata.

Miezi ya ubaridi ya kusi, Juni hadi Agosti, ndiyo mizuri kwa kazi hii, ila upepo wake hukausha upesi. Funika kwa gunia bichi, ulinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Chokaa iliyokauka kabla ya kunyonya hewa huwa vumbi, na machozi ya mwanafunzi aliyeona vipande vyake vikidondoka yanazuilika kwa gunia moja.

Bamba la pili na la tatu yatoke nje ya darasa. Mahali pake ni barazani. Kuta za magofu zisiguswe, hata palipo na pengo linaloonekana kukualika. Nyumba za pwani zina baraza za kukalia mbele ya mlango, na ukingo wake wa mbele, usiokaliwa wala kukanyagwa, ni uwanja mzuri wa mozaiki ya chokaa: wapita njia huuona, mvua ya moja kwa moja huufikia kidogo tu ikiwa paa limetokeza, na mwenye nyumba anaweza kuuziba mwenyewe kipande kikitoka. Baraza moja ifanywe na wanafunzi watatu au wanne, kila mmoja akiwa na urefu wake, wakubaliane mandhari nyeupe iwe moja na ukanda wa chini uendelee bila kukatika kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Mabishano yatakuwepo kwenye maungio. Yaache yawepo, maana hapo ndipo wanapojifunza kutetea wanachokiona. Siku baraza ikifunikwa gunia, pipa la chokaa nalo lisafishwe, lijazwe maji, mfuko mpya umiminwe kwa ajili ya kundi lijalo. Itahitaji wiki zake kuiva, na mkorogaji awe mmoja wa waliomaliza.